Shangazi na Mapafu ya Pikipiki

Shangazi yangu aliingia kwenye kazi ya pikipiki akiwa na miaka hamsini na moja, na mpaka leo hajawahi kuendesha hata moja. Ukimuuliza kwa nini, atakujibu kwamba mkunga si lazima awe na watoto kumi. Ni dada mkubwa wa baba yangu, mrefu, mwembamba, na ana tabia ya kumtazama mtu anayedanganya bila kupepesa jicho, mpaka mwenyewe ajirekebishe.

Kabla ya hapo alifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye karakana ya magodoro. Kazi yake ilikuwa kukata sponji. Mabonge makubwa kuliko kitanda yaliletwa mbele yake, naye akayapasua vipande kwa kisu cha umeme, na vumbi la sponji likaruka likatua kwenye nywele, kwenye kope, kwenye chai. Siku karakana ilipofungwa alitoka na vitu viwili. Cha kwanza ni vidole vinavyoitambua sponji gizani. Cha pili ni kifua kinachopiga mluzi. Daktari alisema ni pumu, akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo, na tangu siku hiyo ile dawa haijatoka kwenye mfuko wa aproni yake.

Akaja kukaa kwetu. Nyumba yetu ina vyumba vitatu na ua, na uani kuna banda la bati ambalo ndilo karakana ya baba. Baba ni fundi, lakini si wa pikipiki zote. Yeye anashughulika na zile za zamani, ndefu, zenye matairi ya meno, zilizotengenezwa kwa ajili ya milima na vumbi. Nyingi zimenizidi umri. Katika mji wetu wapo watu wanaozipenda kama wengine wanavyopenda ng'ombe: daktari wa mifugo, mpima ardhi, mwenye duka la vioo, walimu wawili waliostaafu. Kila kiangazi hukusanyika, wakafunga safari ya siku mbili kwenye barabara ya machimbo ya mawe, wakarudi wamegeuka rangi moja na barabara.

Mwaka ule Shangazi alipohamia, baba alikuwa na shida iliyomkosesha raha. Injini alizozifufua zilikuwa zinakufa tena. Ya daktari wa mifugo aliiwekea pistoni mpya na ringi mpya, ikaondoka inalia kama nyuki mwenye hasira, na kabla miezi mitatu haijaisha ikarudi inasukumwa, imejaa moshi, haina nguvu. Akairekebisha. Ikarudi. Ya mwalimu vilevile. Watu wakaanza kusema chini kwa chini kwamba mkono wa fundi umezeeka. Baba akavilaumu vipuri. Alisema vipuri vya siku hizi ni makopo yaliyopigwa rangi. Lakini chakula kilikuwa kinamshinda, na mtu akigonga geti alikuwa anashtuka.

Shangazi hawezi kukaa bure. Alianza kufagia lile banda, na alasiri moja akaokota kitu kwenye benchi.

"Hiki ni nini?"

"Filta, Dada," alisema baba bila kuinua kichwa. "Chujio la hewa. Liache hapo, litakuchafua."

Hakuliacha. Alilibinya mara moja, akafungua kiganja. Chembe za sponji zilibaki kwenye ngozi kama makombo ya mkate.

"Hii imekufa siku nyingi," alisema. "Sponji ikianza kukumwagikia mkononi hairudi tena."

"Inapitisha hewa vizuri tu."

"Na mlango uliovunjika unapitisha watu vizuri tu."

Mimi nilikuwa nimekaa pale nje nasahihisha madaftari ya wanafunzi wangu, nikainama zaidi ili baba asione nacheka.

"Unaifua na nini?" aliuliza Shangazi.

"Petroli. Naikamua, ikikauka nairudisha."

"Kavu hivyo hivyo?"

"Sasa niirudishe mbichi? Ukiipaka oili inanasa uchafu wote wa barabarani."

"Mdogo wangu," alisema polepole, "si ndiyo kazi uliyoiajiria sponji?"

Baba akasema kwamba haya ni mambo ya injini na injini si godoro. Shangazi hakubishana. Aliuliza tu hewa ikitoka kwenye ile sponji inakwenda wapi. Baba akamwonyesha bomba la mpira linaloingia kwenye kabureta. Shangazi akachovya kidole kwenye kopo la grisi, akapaka ndani ya lile bomba, utando mwembamba kama mafuta ya mtoto. Akasema pikipiki iende machimboni na kurudi.

Daktari wa mifugo alikwenda na kurudi. Asubuhi yake Shangazi akachukua kitambaa cheupe, akakiingiza kwenye bomba na kukizungusha. Kilitoka na rangi ya barabara. Alichukua kidole gumba cha baba na kile cha shahada, akaweka ile grisi katikati, akavisugua pamoja karibu na sikio lake.

"Sikia."

Ilikuwa inasaga. Hata mimi nilisikia.

"Hii ndiyo inayokula pistoni zako," alisema. "Vipuri umevisingizia."

Nataka nimsifu baba pia hapa, kwa sababu wapo wanaume ambao wangekasirika. Yeye alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaziangalia pistoni mbovu alizozipanga ukutani, na kusema, "Zote hizi, Dada. Zote hizi nimeziua mimi kwa kuzifulia filta." Tangu siku ile chujio la hewa likawa mali ya Shangazi.

Haikuanza vizuri. Alijiamini mno. Sponji ni kitu changu, alisema, na akakata kipande kwenye godoro langu, upande wa miguuni. Mimi aliniambia baada ya wiki. Alikishona na kukigundisha kwa umbo la lile chujio la zamani, kazi safi kabisa, akakipaka oili, wakakifunga kwenye pikipiki ya mwenye duka la vioo. Siku ya tisa pikipiki ilizima mlimani. Baba alipofungua kabureta aliikuta imejaa ute wa njano. Mvuke wa petroli ulikuwa umeiyeyusha sponji ya godoro, na injini imeinywa kama uji.

Baba alitaka kusema ni petroli chafu. Ingekubalika, maana kila mtu analalamika juu ya petroli. Shangazi akavua aproni, akavaa viatu vyake vya kutokea, akaniambia twende. Tulitembea nusu saa, yeye akisimama kila baada ya kona kuvuta pumzi. Mwenye duka alikuwa anakata kioo. Tulimsubiri amalize mstari.

"Pikipiki yako nimeiharibu mimi," alisema Shangazi. "Si fundi na si petroli. Niliweka sponji isiyofaa kwa sababu nilidhani najua."

Yule bwana aliweka kikata kioo chini. Uso ulikuwa umekunjamana, nikajua yanakuja maneno. Kisha akamtazama Shangazi alivyokuwa anahema.

"Umekuja kwa miguu kuniambia hivyo? Si ungepiga simu?"

"Simu haina uso."

Yule bwana akafuta mikono. "Haya. Nitengenezee nyingine. Lakini kwanza ifanyie majaribio kwenye pikipiki ya mdogo wako, siyo yangu."

Shangazi alisema hiyo ni haki.

Miezi iliyofuata aliigeuza nyumba yetu kuwa ghala la sponji. Alizitoa kwa washona makochi, kwa wauza redio, kwenye maboksi ya vyombo vya hospitali. Kila kipande alikipa mtihani wa kwanza kwa kukiweka mdomoni na kupuliza. Baba naye alijaribu, akasema karibu zote zinapitisha.

"Kwako wewe," alisema Shangazi. "Una kifua kama mvukuto. Mwenye kifua kizima hawezi kuipima hewa. Mimi najua pumzi inapoanza kuwa ghali."

Na ni kweli. Kile kifua kibovu kilikuwa kipimo bora kuliko chombo chochote. Vipande vilivyofaulu alivitumbukiza kwenye mitungi ya petroli na mafuta ya taa, akaipanga nje kwenye kivuli cha ukuta, kila mtungi na tarehe yake. Vingi vilivimba, vingine vikawa tope. Kilichobaki kama kilivyoingia, baada ya wiki tano, kilikuwa sponji nyeusi yenye matundu yaliyofunguka yote, aliyoipata kwa muuza samaki wa mapambo. Wao huitumia kusafishia maji ya samaki. Akarudi kununua zaidi.

"Una samaki wangapi, mama?" aliuliza muuzaji.

"Sina hata mmoja. Nina pikipiki kumi na nne."

Ukitaka kumjua Shangazi, mwangalie akifanya kazi. Chujio chafu kwanza hulilaza kwenye beseni la mafuta ya taa, akalibonyeza kwa viganja viwili na kuliachia, kulibonyeza na kuliachia, mpaka uchafu utoke kama wingu. Halikamui. Ukilisokota kama nguo, sehemu zilizogundishwa zinaachia na sponji inachanika kwa ndani pasipoonekana. "Libane kama unavyobana mkono wa mgonjwa," ndivyo anavyofundisha. Kisha maji ya vuguvugu na sabuni, mara mbili, halafu kamba ya kivulini, kamwe si juani. Likikauka hulitazama dhidi ya mwanga akitafuta tundu. Ndipo linaingia kwenye mfuko safi wa plastiki pamoja na oili nzito nyekundu inayonata, analikanda ndani ya mfuko kama unga, polepole, mpaka rangi iwe moja kila mahali. Doa likibaki jeupe anasema hapo ndipo vumbi litakapopitia, maana vumbi lina akili ya mwizi: halisukumi ukuta, linatafuta dirisha. Oili iliyozidi anaibana itoke. Mwisho anapaka grisi kwenye ukingo, pale chujio linapokutana na sanduku lake, ili hewa isizunguke pembeni. Kazi yote hiyo haifiki hata dakika arobaini ukiondoa kukausha, na inaokoa injini iliyomchukua baba mwezi mzima.

Pikipiki zikaacha kurudi. Daktari wa mifugo alimaliza mwaka bila kufungua injini, na yeye si mtu wa kuficha habari. Watu wakaanza kumwita Bi Sponji, kisha wakaacha, wakawa wanamwita Shangazi kama mimi, hata wazee wanaolingana naye.

Mmoja tu hakukubali. Huyu alikuwa mwenyekiti wa wale wapenda pikipiki, bwana mmoja mnene, mcheshi, mwenye pikipiki inayong'aa kuliko zote. Alisema ametunza ile pikipiki miaka ishirini na hatakuja kuipaka mafuta kama andazi. Shangazi alimjibu, "Sawa, Mwenyekiti," na kumtengenezea chujio hata hivyo, kwa kukadiria kwa macho tu siku alipokuja kumsalimia baba.

Kiangazi kilichofuata tuliwasindikiza waendeshaji kwenye ile safari ya siku mbili, baba akiendesha pikapu ya vipuri, mimi na Shangazi pembeni yake. Miguuni alikuwa na sanduku la machujio safi yaliyokwisha kupakwa oili, kila moja kwenye mfuko wake, limeandikwa la nani. Kituo cha katikati kilikuwa kwenye mizani ya zamani ya malori ya mawe. Mchana ule upepo ulivuma na hewa yote ikawa nyeupe kama ndani ya gunia la saruji. Shangazi alijifunga barakoa, akakaa kwenye kreti, wenye pikipiki wakapanga foleni. Wanatoa chafu, anawapa safi, anawaangalia wanavyofunga, akimwona mtu anaharakisha anamwambia afungue aanze upya. Mwenyekiti alipita akiwa amekwisha vaa kofia. Shangazi alinyanyuka, akamnyoshea mfuko wake.

"Hili la kwako."

"Asante, Shangazi. Yangu inapumua vizuri tu," alisema, akapiga kiki na kwenda.

Tulimkuta kilomita kumi na mbili mbele, amekaa juu ya jiwe. Pikipiki ilikuwa imelala pembeni. Baba aliteremka, akabonyeza kiki kwa mkono. Ilishuka laini kama inakanyaga maji. Silinda ilikuwa imekwisha.

Shangazi naye akateremka. Nilimwambia abaki ndani, lakini hakusikia au hakutaka kusikia. Alishusha barakoa ili aongee na yule bwana, na upepo ukaja na wingu lake. Nikamwona anasimama ghafla. Alitaka kukohoa na kikohozi hakikutoka. Akashika kifua kwa mkono mmoja, mwingine ukapapasa aproni na kuikosa mifuko, na ule mluzi wa kifuani ukawa mwembamba, mwembamba, kisha sikuusikia tena.

Mimi nilikuwa upande wa pili wa gari. Aliyemfikia kwanza ni Mwenyekiti. Alimkalisha wima, akamgeuza aupe upepo mgongo, akamfunika kichwa kwa jaketi lake mwenyewe kama hema, na alikuwa ameiona ile dawa kwenye mfuko wa kushoto. Akamwekea mdomoni. Mara ya kwanza hakuweza kuvuta. Mara ya pili akavuta kidogo. Tulikaa pale, mimi nimemshika mkono, baba amesimama kuzuia upepo kwa mwili wake, mpaka ule mluzi ukarudi. Sijawahi kufurahi kusikia sauti mbaya namna ile.

Shangazi alipoweza kusema, Mwenyekiti bado alikuwa amepiga magoti, machozi yamechora njia kwenye vumbi la mashavu yake.

"Nisamehe, Shangazi," alisema. "Nilidhani ni mambo ya mapambo tu."

"Mimi nina dawa mfukoni," alisema Shangazi, akisita kila baada ya neno. "Injini yako haina mfuko."

Wiki mbili baadaye Mwenyekiti alikuja kwetu amebeba beseni lake mwenyewe. Alisema hataki kutengenezewa, anataka kujifunza. Shangazi alimfulisha chujio moja mara nne. Mara ya tatu yule bwana alisema hata mama yake hakuwahi kumfulisha hivyo, Shangazi akamwambia ndiyo maana.

Hapo ndipo zilipoanza Jumamosi zake. Asubuhi, mtu yeyote mwenye pikipiki ya zamani anakuja na beseni, anafundishwa bure kuanzia kufua mpaka grisi ya mwisho, na umbo la kukatia sponji anapewa kwenye karatasi aende nalo. Baba hakupendezwa. Nilikuwepo siku alipomwambia.

"Dada, unamwaga siri zote. Kila mtu akijua, nani atatuletea kazi?"

"Watakaoharibu wakijifunza wenyewe."

"Nasema kweli."

Shangazi aliendelea kukanda mfuko wake wa oili kwa muda. Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kutuambia. Kule kwenye magodoro, msimamizi wao alikuwa anafunga kitambaa puani kila anapoingia chumba cha kukatia. Miaka yote kumi na tisa. Walidhani ana maringo, anachukia jasho lao. Siku ya kufunga karakana ndipo Shangazi alipomwuliza, naye akajibu kwamba alisoma zamani kuwa lile vumbi linakula mapafu.

"Alijua," alisema Shangazi. "Alijua, akajifungia kitambaa chake. Mimi sitakuwa mtu wa namna hiyo, hata kwa pikipiki."

Jumamosi iliyofuata baba alikwenda dukani, akarudi na viti vitano vya plastiki vya wanafunzi.

Sasa ni miaka saba. Wenzake wawili wa karakana ya magodoro, wote wanawake, wote wenye vikohozi vyao, wanafanya kazi naye. Wamechukua chumba kile cha mbele ambacho zamani kilikuwa sebule, na sisi tunapokea wageni jikoni. Sheria ya chumba hicho ni moja: hakuna kushika mkasi kabla ya kufunga barakoa, awe mfanyakazi, awe mgeni, awe mkaguzi. Nilisahau siku moja, nikaingia kumpelekea chai, nikatolewa mimi na chai yangu. Mpima ardhi, mwanamke anayekwenda na pikipiki yake mahali ambapo hata mbuzi wanafikiria mara mbili, hajafungua injini mwaka wa nne huu. Humpigia simu Shangazi akiwa porini, amuelezee rangi ya chujio lake, na Shangazi humwambia aoshe leo au asubiri kesho.

Kifua hakijapona. Daktari alimwambia hakitapona, ila hakijazidi kuwa kibaya, na kwa umri wake huo ni ushindi. Yeye alimjibu daktari kwamba hata injini ya zamani haidaiwi iwe mpya, inadaiwa iwashe asubuhi.

Juzi alikuja mgeni kutoka mbali, ameleta pikipiki nyuma ya lori, amefunika kwa blanketi. Alimkuta baba getini, mikono imejaa oili mpaka kwenye viwiko, akamwamkia kwa heshima na kuuliza kama yeye ndiye fundi mwenyewe ambaye habari zake amezisikia.

"Fundi yuko chumba cha mbele," alisema baba, akamshikia mlango. "Mimi ninashughulika na injini tu. Bisha hodi kwanza, na ukiingia chukua barakoa hapo kwenye msumari."